Polepole Siyo Mwendo wa Mkono wa Kulia

Imekuwa ada kwa walimu wa gitaa katika mji wa Morogoro, na katika miji mingine ya nchi yetu, kumpokea mwanafunzi kwa nasaha moja wasiyoichoka: kwamba asifanye pupa, kwamba apige kila noti kiada, mapigo 60 kwa dakika, kisha wiki hata wiki aongeze mapigo mawili matatu, na kwamba akidumu katika subira hiyo kasi itamjia yenyewe pasi na kuitafuta. Nasaha hii imepambwa kwa methali za wahenga, haraka haraka haina baraka na polepole ndio mwendo, hata anayeipinga huonekana anapinga adabu yenyewe. Nami, pamoja na heshima yangu yote kwa walimu hao, ambao wengi wao hufundisha bila ya ujira katika kumbi za makanisa na nyua za nyumba za Mji Mpya, Mwembesongo na Kihonda, naandika makala haya kusema kwamba itikadi hiyo, kwa mintarafu ya mkono wa kulia, ni batili. Na kwamba ndiyo sababu kubwa ya vijana wengi wenye sikio jema na bidii ya kweli kukwama mwaka baada ya mwaka pale pale, mahodari wa nyimbo za taratibu, lakini wasioweza kuifuata bendi inapoingia katika chemko, ile sehemu ya wimbo yenye mwendo mkali.

Insafu yataka kwamba kabla ya kuikanusha hoja ya mtu uitoe kwanza haki yake. Upole una kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa. Akili ya mwanadamu haiwezi kuhifadhi noti ishirini kwa pamoja zikimpita kwa kasi. Sharti ijue kwanza noti ipi inafuata ipi, kidole gani kibonyeze uzi gani, na mahali gani mkono wa kushoto uhame. Sikio nalo lahitaji muda wa kupima utamu wa sauti na kuitambua noti iliyokwaruza au iliyozimika kabla ya wakati wake. Katika hayo yote sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza pale mwalimu anapodhani kwamba yaliyo kweli kwa akili na kwa mkono wa kushoto ni kweli pia kwa mkono wa kulia, na kwamba mwendo wa piki katika mapigo 60 ni ule ule wa mapigo 150, tofauti yake ni wingi tu. Hapo ndipo kosa lilipo, na kosa hilo limewagharimu wanafunzi wetu miaka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Mtu apigaye noti nne kwa kila pigo, katika mapigo 60 kwa dakika, hupiga noti 240 kwa dakika, yaani noti nne kwa sekunde. Katika mapigo 150, noti zake ni 600 kwa dakika, yaani kumi kwa sekunde. Mwanafunzi akisikia noti kumi kwa sekunde huingiwa na hofu, akaona jambo hilo ni muhali kwake na kwamba wenye kuliweza wameumbwa vingine. Lakini na aendelee kuhesabu. Piki hupiga inaposhuka na hupiga inapopanda. Kwa hiyo noti kumi ni safari tano tu za kwenda na kurudi. Mtu mzima mwenye afya, asiyejua gitaa wala kinanda, akiambiwa agonge meza kwa kidole awezavyo, hugonga mara tano au sita kwa sekunde bila ya mafunzo yoyote. Na kama hataki meza, na atazame mkono wake anaponawa kabla ya kula, akakung'uta maji vidoleni: kifundo cha mkono kimelegea, kigasha kimetulia, na kiganja chatikisika kwa wepesi ambao hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mwendo ule ndio utakikanao katika gitaa. Maana yake ni kwamba kasi ambayo mwanafunzi huambiwa aingoje kwa miaka tayari anayo mwilini mwake, tangu siku ya kwanza aliposhika gitaa.

Basi ikiwa kasi ipo, kitu gani kinakosekana? Kinachokosekana ni kuihamisha kasi ile kutoka katika mkono mtupu hadi katika mkono ulioshika piki, mbele ya nyuzi sita zilizokaribiana. Na uhamisho huo haufanyiki kwa mwendo wa taratibu, kwa kuwa mwendo wa taratibu ni mwendo mwingine kabisa. Aliyewahi kushuka njia za Mgeta akiwa na mzigo anajua kwamba kukimbia si kutembea kulikoharakishwa: atembeaye daima ana mguu mmoja ardhini, na akimbiaye hupitia nukta ambayo miguu yote miwili imeiacha ardhi, uzito wake huegemea kwingine, magoti yake hukunjika vingine, na mikono yake huwa na kazi nyingine. Mtu aweza kutembea maisha yake yote, akaongeza hatua kidogo kidogo, asifike kamwe kwenye mbio. Atafika tu kwenye kutembea kwa taabu. Hali ndiyo hiyo hiyo kwa mkono wa mpiga gitaa aliyelelewa katika mapigo 60.

Tutazame kwa karibu mkono huo unafanya nini. Mwanafunzi ameshika piki kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Anapiga uzi wa kwanza kwa kushuka. Kwa kuwa ana nafasi kubwa kabla ya noti ifuatayo, anaiinua piki kutoka kati ya nyuzi, kisha anaiteremsha tena ili apige kwa kupanda. Akishapiga anaiinua tena. Kwa kila noti mkono wake umefanya kazi mbili, kukata uzi na kuruka juu yake. Polepole hakuna anayeliona jambo hili, si mwalimu wala mwanafunzi, maana noti zinatoka safi na wakati watosha. Lakini kila siku anayoendelea hivyo anazidi kukikaza kile kiruko katika mazoea ya mkono, hata siku anapotaka kasi mkono unadaiwa miondoko maradufu. Wala si kiruko peke yake. Katika kigasha mna misuli ivutayo kiganja upande mmoja, na misuli mingine ikivutayo upande wa pili. Mtu afanyapo mwendo wa taratibu aweza kuikaza yote kwa pamoja ili aumiliki mkono, na kila pigo likasimamishwa na misuli ya upande wa pili kama hadhari. Kasi haistahimili ulinzi huo. Upande mmoja hauna budi kulegea wakati mwingine unavuta, la sivyo mkono unakuwa mgumu, ugumu unapanda kiwikoni, kutoka kiwikoni unapanda begani, na kijana anaukunja uso akidhani kwamba amekosa nguvu, ilhali alichokosa ni ulegevu.

Hapa ndipo ilipo taksiri kubwa ya mafundisho ya polepole: upole hukubali kila kosa. Ushikaji mbaya, piki iliyozama mno katika nyuzi, kifundo kilichokazana, kiruko kisicho na faida, yote hayo hupita salama katika mapigo 60, na mwalimu huyatia muhuri wa usahihi kwa sababu sikio lake halikusikia dosari. Kasi peke yake ndiyo mtihani unaoweza kutofautisha mwendo wa haki na mwendo wa batili. Mwanafunzi aliyeahirishiwa mtihani huo kwa miaka miwili hugundua kosa lake likiwa limekwisha kuwa tabia, na tabia ya mkono, kila mwenye kazi ya mikono anajua, ni nzito kuing'oa kuliko kuipanda.

Wapo watakaoniambia kwamba mashujaa wa gitaa wa Morogoro waliupata ustadi wao kwa subira. Ni kweli kwamba walisubiri na walifanya bidii kubwa. Lakini na tutazame bidii yao ilikuwa ya namna gani. Mji huu, uliofikiwa na Reli ya Kati mwaka 1907 na kuzungukwa na mashamba ya mkonge yaliyokusanya watu wa makabila mbalimbali, ulikuwa mji wa dansi kabla haujawa mji wa vyuo. Rumba za Kuba zilizofika katika santuri za GV zilisikilizwa hapa kwa mapenzi makubwa, na mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba, akakiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Upande wa pili ilisimama Morogoro Jazz, ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilimpata kijana aitwaye Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye mwaka 1970 alikwenda Osaka katika maonyesho makubwa ya dunia kuiwakilisha Tanzania, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Watu walimwita Soloist National, na ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya mji mdogo ulio chini ya milima ya Uluguru usikike Afrika ya Mashariki nzima.

Katika bendi za dansi za zama zile vyombo aghalabu vilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, na kijana asiye na gitaa lake mwenyewe hakuwa na anasa ya kukaa chumbani miezi na miezi akipanda ngazi ya mapigo. Alijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa, kwa kutazama mikono yao, na kwa kupewa nafasi mazoezini. Na alipopewa, aghalabu hakupewa solo, alipewa gitaa la rizimu, kifungu kifupi cha noti chache kinachozunguka pasipo kubadilika. Lakini kifungu hicho alikipiga kwa mwendo wa bendi, kwa sababu wapiga ngoma na besi hawakupunguza mwendo kwa ajili yake, na mchezaji aliye ukumbini hangekubali kungoja. Hilo ndilo jambo ambalo walimu wetu hawalitambui wanapowataja wazee hao kama ushahidi wao. Kijana yule alipunguziwa noti; hakupunguziwa kasi. Mkono wake wa kulia ulionja mwendo wa kweli tangu mwanzo, katika kipande kidogo anachokimudu, na kadiri mkono ulivyozoea ndivyo alivyoongezewa noti. Chuo kile kisicho na ubao wala daftari kilikuwa na kaida iliyo kinyume kabisa na ile inayotangazwa leo kwa jina la wazee.

Na asikilizaye santuri za Mbaraka kwa makini, hasa pale sauti za waimbaji zinaponyamaza na gitaa la solo likashika uongozi, atasikia ithibati ya ninayoyasema. Kilicho cha ajabu si wingi wa noti. Ni usawa wa noti hizo: kila noti ina uzito wake, hakuna inayomkanyaga mwenziwe, na kifungu kile kile hurudiwa mara kwa mara bila ya kuchoka wala kuyumba. Usawa wa namna hiyo ni mtoto wa mkono mlegevu. Mkono uliokaza hauwezi kudumu katika chemko la dakika kadhaa. Huanza kwa kishindo, kisha hupungua, kisha huachwa nyuma.

Tuje sasa katika jambo ambalo mafundisho ya polepole hayaligusi kabisa, nalo ndilo kiini cha ufundi wa piki: namna ya kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Maadamu mtu anapiga uzi mmoja, hakuna shida kubwa. Taabu huja anapovuka. Piki ikienda na kurudi sambamba na uso wa nyuzi, basi mwisho wa kila pigo inajikuta imenaswa katikati ya nyuzi mbili, na haiwezi kuvuka bila ya kuruka. Lakini mpigaji akiuinamisha kidogo mwendo wa piki, ili pigo la kushuka liingie ndani kuelekea ubao wa gitaa na pigo la kupanda litoke nje kuelekea hewani, basi kila anapomaliza kwa kupanda piki iko huru tayari juu ya nyuzi, na aweza kwenda uzi wowote autakao bila ya kiruko. Kutokana na hapo huzaliwa kanuni sahali: katika kila uzi anza kwa kushuka, maliza kwa kupanda, yaani noti mbili, au nne, au sita. Kifungu kikimtaka apige noti tatu katika uzi mmoja, pigo la tatu ni la kushuka, na piki imenaswa; hapo ana njia mbili za heshima. Ama noti moja kati ya hizo aitoe kwa kidole cha mkono wa kushoto peke yake, kwa kuugonga uzi, ili hesabu ya piki irudi kuwa shufwa; ama, ikiwa uzi unaofuata ni ule mwembamba ulio chini yake, aiache piki iendelee kushuka katika mkupuo ule ule mpaka iupige na huo. Katika mapigo 60 mwanafunzi hawezi kuona faida ya mpangilio wowote kati ya hii, kwa kuwa yote ni rahisi sawasawa, hata ule mbovu. Ataichagua njia kwa bahati, ataikariri kwa miezi, na katika mapigo 140 ataambiwa kwamba hana kipaji.

Na wala maarifa haya hayakutoka mbali. Mpiga udi wa pwani yetu, katika vikundi vya taarabu kama vile Ikhwani Safaa kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, hukiegemeza kigasha chake juu ya mwili wa udi, hukikunja kifundo, na risha yake ikishuka huupita uzi na kutua juu ya uzi ufuatao, kisha hupanda ikitokea nje. Mwendo ni ule ule ulioinama niliouelezea. Ng'ambo, mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, alijenga kasi yake juu ya msingi huo huo wa pigo la kushuka linalotua, na kila uzi mpya kuanzwa kwa kushuka. Tena huyo ni hoja ya pili dhidi ya wale wasemao kwamba kasi ni ya vidole vya mkono wa kushoto: moto wa mwaka 1928 uliviharibu vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, na solo zake, ambazo hadi leo wapigaji wenye vidole vyote huzikimbilia wasizifikie, alizipiga kwa viwili vilivyobaki. Kama kasi ingekuwa shughuli ya mkono wa kushoto, mtu huyo asingekuwa na historia.

Hata walioacha piki wakapiga kwa vidole wanathibitisha kaida hii. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga wimbo wa Masanga, alitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushuka, shahada hupanda, na kwa kuwa kila kidole hubeba sehemu tu ya mapigo, mkono hubaki mtulivu ilhali noti zinabubujika. Njia ni nyingine, lakini siri ni ile ile: mwendo mdogo, uliogawanywa vyema, usio na kazi ya ziada.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba nitawafundisha vijana kupiga hovyo, noti zao zikigongana na kuchafuka. Najibu kwamba uchafu wa siku ya kwanza katika kifungu cha noti tano ni mdogo na una tiba, kwa sababu mwendo wenyewe ni wa haki na kinachobaki ni kuunyoosha; bali usafi wa polepole uliojengwa juu ya mwendo wa batili hauna tiba illa kuubomoa wote na kuanza upya. Pingamizi la pili ni la kipaji: kwamba kasi ni tunu, ama umezaliwa nayo ama hukuzaliwa nayo. Hesabu ya safari tano kwa sekunde imekwisha kulijibu. Kipaji ni cha kutunga, cha kuchagua noti, cha kujua wakati wa kunyamaza, na huko ndiko tunakopaswa kumtafuta Mbaraka mwingine. La tatu ni la nguvu: kwamba mazoezi sharti yaume ili yafae. Hili ni la hatari, na naliandika kwa msisitizo wa dhati. Maumivu ya kifundo au ya kigasha si ada ya ustadi. Ni habari kwamba misuli inashindana yenyewe kwa yenyewe, na anayeendelea kupiga huku anaumia anajiandalia ugonjwa utakaomnyima gitaa kabisa.

Basi mwanafunzi afanyeje? Kwanza aache gitaa pembeni, akung'ute mkono wake kama anayetoa maji, ausikilize ulegevu ule, kisha ashike piki kwa ulegevu huo huo, ncha yake ikichomoza milimita tatu hadi tano tu, imegeuzwa kidogo ili ukingo wake uukate uzi badala ya uso mzima kuusukuma. Piki iwe ngumu kiasi. Ile laini hupinda, na kila inapopinda huchelewa kurudi, na kipande kigumu cha plastiki kilichokatwa na kulainishwa kingo ni bora kuliko piki laini ya dukani. Pili, aweke kidole kimoja cha mkono wa kushoto mahali pamoja, uzi mmoja, noti moja, na apige mkupuo wa mapigo manne kwa kasi awezayo bila ya kukaza, atue juu ya la tano, kisha anyamaze na kuuacha mkono ulegee kabisa kabla ya kurudia. Mkupuo huo hauzidi nusu sekunde, na katika muda huo mdogo mkono hauna wasaa wa kuvaa ugumu. Tatu, mkupuo ukitulia, aurefushe kuwa minane, kisha aingize mkono wa kushoto kwa noti mbili, halafu nne, mikono yote ikikutana katika pigo la kwanza la kila mkupuo. Nne, avuke uzi mmoja, akifuata kanuni ya kumaliza kwa kupanda. Na tano, hapo sasa, baada ya mkono kuujua mwendo wa kasi, arudi polepole. Lakini upole huu ni wa namna nyingine, kwa sababu anaiga polepole mwendo ule ule alioupata katika kasi, ulegevu ule ule, mwinamo ule ule, bila ya kiruko. Upole wa namna hii ni kioo cha kujikagua, na huu naukubali kwa moyo wote. Simu nyingi za siku hizi hupiga video na kuirudisha kwa mwendo wa taratibu. Na aitumie, autazame mkono wake mwenyewe, ataona katika dakika moja kiruko ambacho sikio la mwalimu halikukigundua kwa mwaka mzima.

Mazoezi haya yasizidi dakika chache kwa wakati mmoja, na kati yake apumzike au ashughulike na yale yatakayo upole kweli, yaani kuhifadhi nyimbo, kusikiliza, kuimba noti kabla ya kuzipiga. Mapigo 60 hayajafukuzwa; yamerudishwa mahali pake.

Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu jambo lenyewe si dogo. Vijana wa Morogoro leo wamejaa katika kwaya na bendi za makanisa, na nyimbo zao za sifa zinataka sebene lenye mwendo mkali kuliko rumba za babu zao. Na kila Jumapili huonekana kijana aliyejifunza kwa utiifu, miaka mitatu, kila alichoagizwa, akiliachia kinanda kifungu cha solo kwa sababu mkono wake wa kulia haufiki. Yeye hujilaumu. Hajui kwamba alitii maagizo yasiyokuwa sahihi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa gitaa wa mji huu, tangu Kichangani hadi Bigwa, na wale wa Mgeta, Matombo na Kinole wanaofundisha kwa gitaa moja watoto kumi: msimfungie mwanafunzi mlango wa kasi hadi atakapokomaa, kwani hakomai nje ya mlango huo. Mpeni noti chache, mpeni mwendo kamili, mtazameni mkono wake kabla ya kusikiliza sauti yake, na mkiona bega lake limepanda mwambieni apumzike. Bendi zilizoujengea jina mji huu hazikupunguza mwendo kwa ajili ya mwanafunzi. Zilimpunguzia noti, naye akafika.